Mto wa Salma

Acheni nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka. Hapa Sofu naitwa ticha, na jina hilo lilinivimbisha kichwa.

Jirani yangu Bi Mwanaidi aliniomba nimfundishe vitu vya nyumbani kwa Kiingereza. Mjukuu wake Salma, aliyemlea tangu mchanga, alichukuliwa na mama yake ng'ambo, na Kiswahili kimemtoka. Bibi alitaka kumwambia kwamba vitu vyake vyote bado vipo.

Tukasoma kitanda, shuka, kabati. Siku moja nikiwa na haraka akaniuliza mlangoni, "Ticha, na mto?"

"River," nikajibu huku naondoka. Kichwani nilikuwa na mto Ruvu.

Ijumaa Salma akapiga simu ya video. Nikakaa pembeni, kifua mbele. Bibi akamwambia kwa Kiingereza, taratibu, kwamba river yake iko kitandani, na yeye bibi huikumbatia kila anapolala. Mtoto akakodoa macho.

"River, Salma! River!"

Bibi akaenda chumbani, akaleta mto mdogo wenye maua, akauonyesha kwenye simu.

"Mto wangu!" Salma akapiga kelele, kwa Kiswahili safi.

Bibi akajifuta machozi, akanigeukia.

"Ticha, kwani mimi nilikuwa namwambia nini?"