Birika Mbele ya Mkwe

Hebu mtazame Navalayo akifika kazini, msomaji wangu. Anakuja kwa njia ya mkato kutoka upande wa soko la Kakamega, leso kiunoni, viatu mkononi kwa sababu ya umande. Kila akienda kidogo anasimama na kuchungulia mbele, ungedhani kuna mbwa mkali aliyefunguliwa. Hakuna mbwa. Anamtafuta kwa macho kijana mmoja, ili asikutane naye.

Kijana mwenyewe ni Protus, mwanafunzi katika chuo cha ualimu anachofanyia kazi mama huyu, naye ndiye aliyemwoa Musimbi, binti wa Navalayo. Ukiwa wa huku unajua mambo yetu: mama mkwe na mkwe hawashikani mikono, hawali pamoja, hata njiani mmoja hukwepa. Si chuki, jamani. Ndiyo heshima yenyewe. Mwaka mzima Navalayo alikuwa akifagia mabweni ya wasichana, ng'ambo ya uwanja. Wakionana kwa mbali, kila mtu alijifanya anatafuta kitu majanini. Wakaishi vizuri.

Kisha kikaja kipindupindu. Kilikuwa kimezunguka nchi za watu kabla ya kutufikia, na uhuru wetu bado mchanga. Chuo kikafunga lango. Wanafunzi wakaambiwa wafagie mabweni wenyewe, wapishi na wafagiaji walale ndani, na hao wafagiaji wakagawiwa kazi upya. Navalayo akapewa birika la maji ya dawa, asimame mlangoni mwa bwalo. Kila anayekwenda kula ananyoosha mikono, yeye anamwaga na kuangalia mpaka kucha zitakate. Akimpitisha mtu ambaye hakuiona mikono yake, anafukuzwa kazi.

Siku ya kwanza Protus alifika, akamwona aliyeshika birika, akageuka kama mtu aliyesahau kitabu. Hakurudi. Kesho yake vilevile. Navalayo akawa hatulii. Akimwagia huyu, jicho liko uwanjani. Mara amwage kwenye viatu vya watu.

Cleophas mpishi alikuwa akimwona kupitia dirisha la jikoni.

"Mama Musimbi, mkwe wako anapenyanga pale kwenye ua, anatoka nje. Anakula mihogo ya wale mama wa barabarani, anashushia na maji ya kijito."

"Usiniambie hivyo, Cleophas!"

"Nisikwambie nimwambie nani? Wewe funga macho, umwage."

"Na nikimwagia viatu?"

"Basi atakuwa na viatu safi kuliko mkubwa wa chuo!"

Navalayo hakucheka. Musimbi alikuwa kwa wakwe zake Mautuma, tumbo limeshakuwa kubwa, na hapa baba wa mtoto anakunywa maji ambayo redio inayakataza kila asubuhi.

Akamwendea Bwana Kimutai, msimamizi wa bwalo. Akamweleza yote, akiwa amesimama, leso ikivutwa huku na huku.

"Mama, hata kwetu kuna heshima ya wakwe," Kimutai alisema. "Lakini wa jikoni siwezi kumtoa, na wa nje siwezi kumwingiza. Nimweke nani?"

"Mweke yeyote, bwana. Nirudishe hata kwenye vyoo."

"Vyoo vina watu. Shika birika, mama."

Jioni hiyo, wanafunzi wakiwa wameshaketi, Protus akaja. Alikuwa amekonda. Alishika mwimo wa mlango kwanza, kama anayesikilizia miguu yake, kisha akageuza uso ukutani na kunyoosha mikono.

Navalayo naye akageuza wake, akatazama uwanjani, akainamisha birika. Akasikia maji yakigonga saruji. Yalipitia mikononi, au yalianguka pembeni? Hakujua. Kugeuka aangalie hakuweza. Shingo yenyewe ilikataa.

Protus akapiga hatua kuingia.

"Ngoja, kijana." Kimutai alikuwa nyuma yao, na hawakumsikia akija. "Mama Musimbi, umeiona mikono ya huyu?"

Protus akasimama pale pale, kichwa chini, mikono ameificha kifuani. Ndani, Cleophas aliacha kugonga sufuria. Navalayo akalishika birika kwa mikono miwili, uso bado uwanjani.

Sasa wewe unayesoma, mwenye binti au mwenye mkwe: ungekuwa umeshika birika lile, ungemjibu nini Bwana Kimutai?