Mapigo ya Mama wa Kitanda cha Nane

Najua utakachosema. Utasema nilikuwa na njaa, au nilisinzia, au upweke ulinipanda kichwani. Upweke nilikuwa nao, sikatai. Lakini ilikuwa mchana, nilikuwa macho, na tumboni nina wali na maharage. Haya yalinipata mimi, si rafiki yangu wala binamu wa rafiki yangu.

Nilikuwa mwaka wa mwisho katika chuo cha uuguzi kwenye miteremko ya Meru, juu ya Tengeru. Jina la chuo niachie mwenyewe. Kwetu ni Sumbawanga. Mama alifariki nikiwa kidato cha pili, baba akaoa na kuhamia Mpanda. Nisafiri siku mbili kwenda, siku mbili kurudi, kwa likizo ya wiki moja, ningemfuata nani?

Kwa hiyo chuo kilipotoa mapumziko mafupi kabla ya mtihani wa mwisho wa vitendo, wenzangu walifuatwa na ndugu zao. Wameru walipanda mlimani kwa miguu, wengine wakaenda Moshi. Kufikia Ijumaa mchana bweni zima nimebaki mimi na magodoro yaliyokunjwa. Ilikuwa Julai. Anayeijua Julai ya Meru hahitaji maelezo: ukungu unashuka asubuhi, unakaa kwenye migomba kutwa nzima, na mlima wenyewe unausahau kama upo. Siku mbili sikuzungumza na mtu isipokuwa mlinzi, na naye ni "habari" na "nzuri", basi.

Jumapili, kama saa tisa na nusu alasiri, nikamwomba mlinzi ufunguo wa chumba cha vitendo nikajifue kwa mtihani. Ni chumba kirefu chenye vitanda vinne, kabati la vioo, na mwanasesere mkubwa wa plastiki tunayemfanya mgonjwa. Mlango ni mmoja. Nikavaa sare kabisa, nikaanza kumpima huku nikisema kwa sauti kama tulivyofundishwa: "Mama, naomba mkono wako, nataka kukupima mapigo." Sauti ikanirudia kutoka ukutani. Nusura nilie, nikwambie ukweli.

"Huyo hana damu," mtu akasema nyuma yangu.

Nikageuka. Mama mtu mzima alikuwa amekaa kwenye kitanda cha pili. Kofia ya sufu kichwani, sweta juu ya kitenge, miguu peku. Sikuusikia mlango. Lakini sikuogopa, unanielewa? Nilifurahi. Mtu ambaye hajasemeshwa siku mbili haulizi mgeni kaingiaje.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, hapa si wodini. Hospitali iko ng'ambo ya barabara. Nikupeleke?"

"Wodini nilikaa. Nilimsubiri nesi anipime, nikasubiri mpaka nikachoka. Nikasikia wewe unapima huku."

Nikajua ni mgonjwa aliyepotea njia kwenye ukungu. Nikamwambia nitampima kwanza, kisha nimrudishe. Akajilaza mwenyewe, taratibu, akanyoosha mkono. Akaniuliza natoka wapi, nikamwambia. Akaniuliza habari za mama yangu, nikamwambia hayupo.

"Siku anafariki, nani alikuwa naye?"

"Mimi, mama. Nilimshika mkono mpaka mwisho."

Akatikisa kichwa polepole. "Alibahatika."

Mkono wake ulikuwa baridi, lakini Julai mkono gani si baridi? Nikaweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, nikatazama saa yangu. Sipati kitu. Nikasogeza vidole. Sipati. Nikajilaumu: mwaka wa tatu huu, mtihani umefika, na mapigo hujui kuyatafuta! Nikajaribu shingoni. Kimya.

"Umepata ngapi?"

"Bado, mama. Vidole vyangu vimekufa ganzi."

"Tafuta tu. Mimi sina haraka."

Nikatafuta dakika nzima, na nyingine tena. Baridi ya mkono wake ikaanza kuingia kwenye vidole vyangu, inapanda, kama umevitia kwenye mfereji wa maji ya mlimani.

"Sijapata, mama."

"Basi andika hujapata." Akageuza uso, akanitazama sawasawa. "Mbona usiku ule uliandika sabini na sita?"

Sasa nikueleze nilichokuwa nimekificha. Wiki tano kabla ya siku hiyo nilikuwa kwenye mafunzo wodi ya wanawake, zamu ya usiku. Nesi wa zamu aliitwa kusaidia wodi ya wazazi. Mwanafunzi mwenzangu alikuwa na mgonjwa anayetapika mfululizo. Saa kumi alfajiri ilikuwa kazi yangu kuzunguka na kuwapima wote. Nilikuwa nimechoka hoi. Nikakaa mezani, nikavuta chati, nikaangalia namba za saa nne usiku, nikaongeza mbili hapa, nikapunguza moja pale. Dakika kumi nimemaliza wodi nzima na sijainuka kwenye kiti. Kitanda cha nane nilikiandikia sabini na sita.

Saa kumi na mbili mwenzangu alipokwenda kumwamsha mgonjwa wa kitanda cha nane, alikuta amefariki. Daktari akasoma chati, akasema, "Saa kumi alikuwa vizuri kabisa," akatia saini. Hakuna aliyeniuliza. Nikanyamaza.

Utauliza, sasa mbona hukumtambua alipokaa mbele yako? Ningemtambuaje? Usiku mzima ule sikuwahi kumtazama usoni.

Nilipiga magoti pale sakafuni. "Mama, nisamehe."

"Sikuja kwa hilo," akasema, na sauti haikuwa ya hasira. "Nimekuja nipimwe."

Nikachukua kalamu. Nikaandika kwenye karatasi ya mazoezi: mapigo hayapo. Nikaangalia saa niandike na muda. Ilikuwa saa kumi. Nilipoinua kichwa, kitanda kilikuwa kitupu, shuka limenyooka, halina hata mkunjo. Nikatoka mbio. Mlinzi, ambaye kiti chake kilikuwa hatua chache kutoka mlangoni, aliapa kwamba hajapita mtu. Kwenye tope la njiani kulikuwa na alama za viatu vyangu tu, za kuingia.

Jumatatu asubuhi nilikwenda kwa mkuu wa chuo nikamweleza habari ya chati. Ya chumba cha vitendo sikuyataja, nani angeyasikiliza? Nilisimamishwa, nikarudia mwaka. Nilistahili. Lakini hilo halikuwa gumu kama lililofuata.

Niliomba kwenda nyumbani kwa marehemu, na mwalimu mmoja akakubali kunisindikiza. Tulipanda juu kwenye kahawa na migomba, tukamkuta binti yake, dada mmoja wa miaka arobaini hivi anayeitwa Elinipa. Akatukaribisha chai. Nikasema yote huku nimeinamisha kichwa. Alizungusha kikombe chake mezani hadi chai ikatanda utando.

"Ile saa kumi aliyotuambia daktari ndiyo iliyokuwa inanipa usingizi," akasema mwishowe. "Nilikuwa nawaza, angalau saa kumi kuna mtu alimshika mkono. Kwa hiyo alikuwa peke yake."

"Ndiyo, dada."

Hakunifukuza, wala hakusema amenisamehe. Alitusindikiza hadi mwisho wa migomba yake, akageuka, akarudi ndani.

Leo mimi ni muuguzi kamili, nimepanga chumba Olasiti, na wanafunzi wa vitendo wanaletwa kwangu niwafundishe. Vile vidole viwili havijapata joto tena. Kila mgonjwa ninayemgusa hushtuka, ndiyo maana nabeba chupa ya maji ya moto, nalowesha kitambaa, nakishika kwanza. Kuna kaka alikuwa anataka kunioa. Siku aliponishika mkono akauachia haraka, akacheka, na baada ya hapo simu zake zikapungua hadi zikaisha. Wagonjwa wanaokaribia kufa ambao hawana ndugu, mimi hubaki nao hata kama zamu yangu imekwisha. Nyumbani hakuna anayenisubiri.

Wewe unayeanza kazi hii, nisikilize vizuri. Utachoka. Utachoka mpaka uone chati ni karatasi tu. Siku hiyo, kama huwezi kabisa kuinuka, acha nafasi wazi. Nafasi iliyo wazi, atakayekuuliza asubuhi ni sista wa wodi, atakugombeza, na yataisha. Ile uliyoijaza bila kumgusa mtu, atakuja kukuuliza mwenyewe.