Mashahidi Wasioandikwa

Miaka ile ya hamsini, watu walipoanza kuulizana nchi itaendeshwaje Waingereza wakiondoka, nilikuwa karani katika mahakama ya liwali, mjini Tanga. Kazi yangu ilikuwa kuandika yaliyosemwa. Niliandika mpaka kidole kikaota sugu.

Mjane mmoja wa Ushongo alikuja mara tatu kudai shamba la minazi aliloachiwa na mumewe. Shemeji yake alikuwa amelishika, na huyo shemeji alikuwa amemwoza liwali binti yake. Mara ya tatu mama huyo alileta mashahidi wawili, wazee wa kijijini kwake. Liwali hakuwatazama. Akaniambia, "Andika: mdai hana shahidi."

Nikaandika.

Mama alinisubiri nje.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeandika nini, mwanangu?"

Nikamwambia. Akawageukia wale wazee wawili. "Kumbe hawa niliokuja nao ni vivuli?"

Alasiri hiyo, kwenye kibaraza chetu cha kahawa Makorora, jirani mmoja alitaka tuandike gazetini kwamba liwali ni mla rushwa. Mwalimu wa chuo cha Kurani akamkatiza.

"Rushwa uliiona? Unalolijua ni kwamba mashahidi hawakusikizwa. Lisemeni hilo, msizidishe."

"Tumwambie nani?" jirani akauliza. " Rufaa inakwenda kwa DC, na liwali ni mtu wa DC. Hakimu naye anahukumiwa na nani?"

Mwalimu alikizungusha kikombe chake. "Sijui," akasema. "Lakini hao wanaotaka kututawala kesho, tuwaulize hilo leo."

Wote walijua ni mkono wa nani ulioandika. Hakuna aliyenitazama. Niliondoka kahawa yangu ikiwa bado moto.

Asubuhi nilimwandikia mama barua ya rufaa, na chini yake nikatia maneno yangu mwenyewe: mashahidi walikuwepo, niliwaona. Nikatia sahihi.

Ilichukua miezi minane. Kesi ikasikilizwa upya, mashahidi wakasema, mama akarudishiwa shamba. Wakati huo shemeji alikwisha kuikata minazi mingi. Liwali hakuulizwa neno. Aliendelea kukaa kwenye kiti kile kile, na karani mpya ubavuni.

Mimi nililetewa barua ya uhamisho, kwenda Handeni. Mke wangu alifunga mizigo. Tulipofika kulifunga godoro kwa kamba akauliza, "Unajuta?"

 Nikashika upande wa pili wa kamba, tukakaza.