Funga ya Mabruki Kule Puge

Mabruki Lukumani, fundi cherehani wa Tabora, alikuwa na hadithi moja kubwa, ya mwaka 1967, alipoendesha baiskeli kwenda Mwanza kuunga mkono Azimio la Arusha. Aliisimulia huku akipiga pasi, na wateja walijua kwamba suruali haitoki kabla baiskeli haijafika Mwanza. Miiba ilikuwemo, matope yalikuwemo, hata fisi alikuwemo, ingawa ukubwa wake ulitegemea mteja. Puge tu ndipo alipopita haraka. "Puge walinipokea vizuri," alisema, akakohoa, na tayari tulikuwa Nzega.

Alifika Puge saa saba mchana, bendera kwenye usukani na hotuba kifuani. Babu yake alipita njia hiyo hiyo enzi za misafara, pembe ya ndovu begani, na hakuna aliyemwekea kiti. Mjukuu aliwekewa kiti, na balozi wa nyumba kumi, Sylvester Mahona, mkulima Mkatoliki, akawaita majirani wasikilize hotuba. Ilihusu umoja: sisi sote ni ndugu, bila kujali kabila wala dini. Walipiga makofi, kisha mgeni akaingizwa ndani.

Ndani kulinukia kuku. Ukutani palikuwa na msalaba. Nani kamchinja? Kuuliza kulikuwa rahisi, lakini mtu aliyetoka kuhubiri undugu sasa hivi anaanzaje kukagua kisu cha ndugu? Getruda, mke wa balozi, alipoleta maji ya kunawa, Mabruki akasema amefunga.

Alidhani watasikitika kidogo, wamwache aende, na akishavuka kijiji atafune karanga zake. Hakuwajua watu wa Puge. Sylvester alisema aliyefunga haachwi apande baiskeli kwenye jua lile, akaisukuma baiskeli chumbani. Getruda akaepua chungu. Mgeni hajala, basi hakuna atakayekula. Watoto wakaambiwa kuku ni wa magharibi, nao wakakaa mlangoni kumtazama mcha Mungu. Mabruki akagundua kwamba funga ya uongo ina masharti yale yale ya funga ya kweli, maji yakiwemo. Thawabu tu ndiyo hamna.

Jua lilipokaribia kuzama, Sylvester akamleta mzee Omari, mwenye duka na Mwislamu pekee wa jirani, ili mgeni asifuturu peke yake. Mzee alikuja na tende. Mabruki akamwamkia.

"Marahaba," alijibu mzee. "Nasikia umefunga. Jumanne?"

Funga za sunna ni Jumatatu na Alhamisi. Hilo hata cherehani yake ililijua.

"Nina nadhiri," akasema Mabruki, na uongo ukawa wa pili.

"Mwenyezi Mungu aipokee." Mzee akamsogezea tende. "Na kuku kula bila wasiwasi, mwanangu. Nimemchinja mwenyewe asubuhi. Tulisikia unakuja, Sylvester akaniletea kamkumbatia kama mtoto mchanga."

Sylvester alicheka, akasema mgeni wa upande wenu ndivyo anavyopikiwa hapa, tangu enzi za baba yake. Watoto wakapewa shingo na miguu, mapaja yote mawili akawekewa aliyefunga. Mabruki alikula bila kuinua macho kutoka kwenye sahani.

Asubuhi Getruda alifunga kuku aliyebaki kwa kitambaa safi, akamkaza kwenye keria ya baiskeli. Hakuonyesha hasira. Hasira ingekuwa nafuu.

"Shemeji," akasema taratibu, mumewe akiwa mbali kidogo, "ungeuliza tu."

Siku ile Mabruki alifunga kweli, juu ya baiskeli, kuku akimnukia mgongoni hadi Nzega. Huko chama kilimpa jukwaa, na watu walikuwa wengi. Mtu aliyeweza kuhutubia kutoka alasiri hadi magharibi alisimama, akasema Puge walimpokea vizuri, akakohoa, akauliza kama kuna mwenye pampu.

Wakampigia makofi.