Mafuta Yaliyobaki Kwenye Sakoshi

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja ya kiangazi, wakati nchi hii ingali ikiitwa Zaire na sisi watumishi tukiitana citoyen, yaani raia, nilipoitoa pikipiki yangu karakanani, pale mtaa wa Tshopo, baada ya kusema uongo mdogo. Uongo wenyewe ulikuwa wa maneno mawili tu. Nimeishi miaka mingi tangu siku ile, na nimesema mengine makubwa zaidi, Mungu anisamehe, lakini hakuna lililonifuata mpaka uzeeni kama hayo mawili.

Nilikuwa mchanjaji. Kazi yangu ilikuwa kubeba sanduku la barafu lenye chanjo kutoka Kisangani, kuvuka daraja la mto Tshopo, kushika barabara ya Banalia, na kuwachanja watoto wa vijiji vya njiani. Kwa kazi hiyo ofisi ilinipa pikipiki ndefu ya magurudumu ya njia mbovu, yenye silinda moja tu, lakini silinda yenyewe kubwa kama sufuria ya familia ya kupikia pondu, mboga ya majani ya muhogo. Ukiiwasha, majirani wanajua. Nilikuwa kijana niliyefika kutoka Maniema kwa treni ya Ubundu na mashati mawili, na sasa wasichana wa mtaa wa Mangobo walinijua kwa mlio. Usinicheke. Na wewe una chako kinachokupa kichwa kikubwa.

Sasa ni lazima nikueleze jambo moja, la sivyo hutaelewa upumbavu wangu. Siku zile wengi waliendesha pikipiki ndogo zinazotoa moshi, ambazo mafuta ya injini huchanganywa na petroli. Sisi wa mashini kubwa tuliwacheka. Tulisema yetu haili mafuta, inakunywa petroli safi kama bwana mkubwa. Kwa hiyo mwendeshaji wa mashini kubwa kuonekana barabarani akimimina mafuta kwenye injini ilikuwa aibu, sawa na kuonekana umefungua suruali. Watu wangesema injini yako imezeeka. Na ofisini kulikuwa na kanuni: mashini ikitajwa kuwa mgonjwa, inachukuliwa, wewe unapewa ndogo.

Fundi wetu alikuwa Papa Ramazani, mzee Mwislamu wa zile familia zilizokaa Kisangani tangu babu wa babu zao. Hakupenda maneno mengi. Kila asubuhi aliuliza swali moja, hata kabla ya kuitikia salamu yako vizuri.

"Bon, Alimasi. Imekunywa ngapi?"

"Haikunywa, papa."

"Inakwenda mbio Banalia, inarudi, na haikunywa kitu?"

"Haikunywa."

"Alors hii si mashini. Ni malaika," alisema, akaendelea kufuta mikono.

Ilikuwa inakunywa, mwanangu. Kwenye vijia vya msituni, polepole, ilikunywa kidogo. Lakini kwenye barabara iliyonyooka, nikiikamua mpaka mwisho, ilimaliza karibu nusu lita kwenda na kurudi, na haikutoa moshi hata kidogo wa kuniumbua. Nilikuwa nikiiongeza kwa siri nyuma ya nyumba. Ndani ya sakoshi, ule mkoba wa ngozi uliofungwa ubavuni mwa pikipiki, nilificha chupa ya mafuta niliyoizungushia kitambaa kama mtu anayeficha pombe. Wazee walisema mficha uchi hazai. Mimi nilidhani wanasema juu ya wanawake na waganga tu.

Asubuhi hiyo nilichelewa kuondoka, maana palikuwa na kupandisha bendera na kuimba kwanza, na chifu wetu wa ofisi hakupenda mtu akose. Kwa hiyo nilifidia barabarani, tena na injini ambayo sikuwa nimeiongeza mafuta kwa safari tatu. Nilifika Bengamisa, kituo changu cha kwanza, injini ikinuka joto. Nikamkabidhi Mama Bolumbu, muuguzi wa zahanati ya pale, sehemu yake ya chanjo. Mama huyo alizoea kuona mambo.

"Mashini inanuka," aliniambia. "Haupime mafuta yake?"

Nilijua anasema kweli. Injini ya namna ile hupimwa ikiwa bado moto, sio asubuhi ikiwa imelala, kwa hiyo saa ile ndiyo ilikuwa saa yake hasa. Chupa nilikuwa nayo. Lakini mbele ya zahanati walikuwa wamekaa vijana wawili wa kampuni ya kahawa, na pikipiki zao ndogo za moshi, zile zile nilizokuwa nikizicheka kila wiki. Mmoja alikuwa ameshaanza kutabasamu.

"Iko muzuri, mama," nikasema. "Ni joto ya barabara."

Nilijiambia nitasimama nyuma ya kona ya kwanza, mahali wasiponiona. Nilipita kona ya kwanza. Barabara ilikuwa kavu, imesawazishwa, saa zimekwenda, na injini haikulalamika. Nikasema kona inayofuata. Unajua mambo haya yanavyokwenda, nadhani hata wewe una kona zako.

Katikati ya mlima mmoja mdogo injini ilitoa mlio kama wa mtu anayekabwa koo, kisha ikafunga, na gurudumu la nyuma likakwama ghafla, halizunguki. Nilianguka upande. Goti lilichunika, sio kitu. Lakini sanduku lilikatika kamba, mfuniko ukapasuka, na vipande vya barafu vikatawanyika kwenye vumbi jekundu. Niliviokota nilivyoweza. Nikaingia msituni kuficha pikipiki, nikaweka sanduku kichwani, nikatembea.

Kijiji nilichokuwa nikikiendea kilikuwa mwendo wa saa tatu kwa miguu. Nilipofika, barafu ilikuwa maji, na maji yenyewe vuguvugu. Wamama walikuwa wamekaa kwenye mistari tangu alfajiri, watoto wamefungwa mgongoni, wengine wametoka mashamba ya mbali. Chanjo ya surua ikipata joto haifai tena. Niliwaambia mashini ya serikali ni mbovu, imekufa njiani. Wakanionea huruma. Mmoja aliniletea maji na ndizi, akaniosha goti. Nilikula ndizi zile.

Lori la kahawa lilinirudisha Kisangani pamoja na pikipiki. Papa Ramazani aliifungua injini peke yake. Alipomaliza aliniita, akaniwekea pistoni mkononi. Ilikuwa imekwaruzwa upande mzima, nyeusi, na pete zake zimenata mahali pake. Ndani ya injini yalibaki mafuta ambayo hayangejaza kikombe cha kahawa.

"Ilikunywa," akasema.

"Ndiyo, papa."

"Na mimi nilijua. Bomba yako ya moshi iko nyeusi tangu musimu wa mvua."

Hasira ilinipanda, mwanangu, hasira ya mkosaji anayetafuta mwenzake wa kubeba naye. "Sasa kama ulijua, papa, juu ya nini haukusema?"

Alifuta mikono kwanza.

"Nilikuuliza kila asubuhi. Ulitaka niulize namna gani?" Kisha akachukua pistoni yake. "Sikia, mutoto. Hii pistoni iko moja. Hakuna ndugu yake wa kumusaidia. Inapanda, inashuka, peke yake, na inakubeba wewe na sanduku yako. Mashini ya kazi namna hii inakunywa mafuta, ni haki yake. Kunywa si ugonjwa. Ugonjwa iko kwa kinywa yako."

Alitanua silinda, akatafuta pistoni ya kipimo cha juu kidogo, na kwa wiki kadhaa akanifundisha kuiendesha kwa unyenyekevu: iache ipate joto kwanza, usiikamue, simama, pima, ongeza, mbele za watu. Pikipiki ile ilifanya kazi miaka kumi na zaidi baada ya hapo. Ilikunywa mafuta kila siku ya miaka hiyo, na haikufunga tena hata mara moja.

Ila chanjo nyingine ilichelewa kuletwa. Ilipofika, nami nikiwa tayari kuondoka, Papa Ramazani aliniuliza kile kijiji niliwaambia nini. Nikamwambia. Akavua kofia, akaivaa tena.

"Kabla ya kufungua sanduku, utasema kweli. Ukishindwa, rudisha hii ufunguo."

Nilifika asubuhi. Nilikuta wamama wachache kuliko mara ya kwanza, na nyuma ya nyumba za mwisho palikuwa na vilima vitatu vidogo vya udongo mpya. Surua ilikuwa imepita kabla yangu. Nilisimama mbele yao na kusema kwamba siku ile mashini haikuwa mbovu, ila ilikosa mafuta. Na kwamba mafuta nilikuwa nayo, niliona haya kuyamimina.

Yule mama aliyeniosha goti ndiye aliyesimama.

"Mafuta ilikuwa wapi?"

"Kwa sakoshi, mama."

"Sakoshi hii?"

"Hii."

Aliitazama sakoshi. Kisha akamfungua mtoto mgongoni, akaushika mkono wake mdogo na kuninyooshea.

"Basi, chanja huyu," akasema. "Ni yeye tu anabakia."

Nilimchanja. Sikumwomba msamaha siku ile kwa kuwa sikuona neno la kutosha, na mpaka leo sijaliona.

Mwanangu, wewe sasa una pikipiki yako, na kesho utakuwa na nyumba, kazi, na mwili unaozeeka. Vyote hivyo vitakunywa. Pima mafuta injini ikiwa moto, uongeze bila kujificha, na usiikimbize kabla haijapata joto. Hilo ni la pikipiki. La maisha ni hili: mwenye kukuuliza kila asubuhi anakupenda, mjibu kweli, hata kama kweli hiyo itakupunguzia cheo. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema, lakini mimi nimeona kwamba mara nyingine kifo humwacha mfichaji na kwenda kwa watoto wa watu. Wakikucheka, wacheke. Kicheko hakijawahi kufunga injini.

Mungu akupe kinywa chepesi kwa kweli na kizito kwa majivuno. Akufikishe uendako na ulichobeba kikiwa kizima, na wanaokungoja awakutanishe nawe wakiwa wote. Amina.