Swali Lililoondolewa Mkutanoni

Ijumaa moja ya mwezi wa kumi, korosho zikianza kudondoka, nilimpoteza mume wangu. Alikwenda shambani asubuhi, akarudi akilalamika kifua, na kabla ya alasiri alikuwa amekata roho. Hatukujaliwa mtoto.

Chama chetu cha kuzikana hapa Mkunya kilimzika vizuri, siwezi kusema vinginevyo. Mwenyekiti alitoa neno tu, watu wakachimba kaburi, wakaleta mikeka, masufuria na maji. Nilimshukuru. Ila niliona hakuna aliyekaa kabla hajaonyeshwa naye pa kukaa.

Mwanzoni haikuwa hivyo. Miaka ile ya soko huria wanunuzi wa korosho walianza kuja mpaka milangoni, watu wakawa hawatulii, leo Newala, kesho Masasi, na mikutano haikutimia. Mwenyekiti akaomba aamue mambo ya misiba peke yake, msimu ule tu, kwa sababu maiti haiwezi kungoja mkutano. Lilikuwa ombi la haki. Mikono ikanyooshwa. Msimu ukaisha, ruhusa ikabaki. Baadaye akasema uchaguzi wa kila mwaka unatugawa, kama vyama vya siasa vilivyoanza kugawa ndugu. Mikono ikanyooshwa tena. Halafu akasema kuuliza "nani anapinga?" ni kumwaibisha mtu mbele ya wenzake, bora swali hilo liondolewe.

Siku hiyo liliulizwa kwa mara ya mwisho, na aliyenyoosha mkono ni mume wangu peke yake.

"Bwana huyu hata mvua ataipinga," mmoja alisema. Wakacheka, naye akacheka nao.

Nyumbani aliniambia, "Hajavunja sheria hata moja. Sisi ndio tunampa." Kisha akanawa, akala.

Kwa kanuni zetu mjane huchukua nafasi ya mumewe. Nilipotoka eda nikaenda mkutanoni. Jambo lilikuwa moja: mwenyekiti aendelee mpaka afe. Nilijua watakaonizika ni hawa hawa, kwa kuwa sina wengine. Nilijua pia kwamba aliyefutwa uanachama hachimbiwi kaburi na chama, na kufuta watu sasa ilikuwa kazi ya mwenyekiti peke yake.

"Wanaokubali?"

Mikono ikapanda. Akashukuru, akamgeukia shehe atuombee dua. Hapo nikanyoosha wangu.

"Una swali, shemeji?"

"Sina swali. Napinga."

"Kura imeshapita, shemeji. Na kuuliza wanaopinga mliondoa wenyewe. Marehemu alikuwepo."

"Alikuwepo. Alipinga."

"Eda imemchosha huyu," akasema mwanamke mmoja nyuma yangu, na watu wakacheka kidogo. Mwenyekiti hakucheka. Alisema kwa upole kwamba dua inaanza. Shehe akaanza, watu wote wakainua mikono kuomba, na wangu, ambao sikuwa nimeushusha, haukuonekana tena kati ya ile mingine.

Nilirudi peke yangu. Jirani yangu, ambaye siku zote tulikwenda na kurudi pamoja, alipita njia ya msikitini. Jioni nilisikia hatua zake uani. Alikuwa amerudisha sufuria niliyomwazima. Aliiweka mlangoni, akaondoka bila kupiga hodi.