Josée Anataka Kodi ya Sokoni Irudi Sokoni

Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi asubuhi, Josée Nabintu anafungua kufuli la choo cha Soko la Plover, kusini mashariki mwa London, anawasha taa na kupiga chafya tatu mfululizo kwa ukali wa dawa ya kusafishia. Hajavua hata koti. Mkono mmoja tayari una ndoo, mwingine unapangusa kioo ambacho jana alikipangusa mara mbili.

Anapita mlangoni, anarudi, anapita tena. Kinachomkosesha raha ni tangazo la halmashauri ya mtaa lililobandikwa hapo: choo hiki kitafungwa moja kwa moja tarehe 31 Machi kwa ukosefu wa fedha.

“Niliisugua na kila kitu, haitoki,” anasema bila kusimama, kwa Kiswahili cha kwao Bukavu, ambamo “watu” ni “batu”. “Batu ya kaunsili, kwa kubandika ile karatasi njo balifanya kazi muzuri.”

Josée ana miaka 58. Alizaliwa Bukavu, mashariki mwa Kongo, akaingia Uingereza mwaka 2004. Amefagia ofisi, amewaogesha wazee majumbani mpaka mgongo ukagoma, na sasa ana miaka tisa akitunza choo hiki chenye vyumba sita. Hufanya kazi saa thelathini kwa wiki, kwa pauni 14 na peni 80 kwa saa. Kodi ya chumba chake kule Woolwich hula zaidi ya nusu ya mshahara.

Kazi yake haina wa kuionea wivu, lakini muulize mtu yeyote sokoni hapo. Wauza samaki, wasusi, madereva wa magari ya mizigo, kina mama wenye watoto wachanga, wote ni wageni wake. Choo kikifungwa, kingine chenye mlango wazi bila masharti hakipatikani mpaka stesheni, mwendo wa dakika kumi na nne kwa miguu yenye afya.

Mansukh hana miguu ya namna hiyo. Ni mzee wa miaka 74, mzaliwa wa Nakuru, mwenye duka la ndoo, mifagio na balbu upande wa pili wa njia. Amekaa hapo miaka thelathini na moja. Siku hizi huingia chooni kila baada ya nusu saa, akimpungia Josée mkono kama mtu anayepita tu.

Sababu aliwahi kumnong’oneza Josée peke yake. Ana ugonjwa wa tezi dume, na sukari juu yake. Mkewe anajua habari ya sukari tu.

“Mama, hii choo ikifungwa, mimi pia nafunga,” alimwambia siku tangazo lilipobandikwa. “Nyumbani nitakaa nikiangalia ukuta. Lakini usiambie mtu.”

Tangu siku hiyo Josée hakulala vizuri. Ajira yake ilikuwa hatarini, ndiyo, lakini anasema kilichomkaa rohoni ni yule mzee kupoteza duka kwa sababu ya haja ndogo.

Hapo ndipo alipobuni mpango wake, na mpango wenyewe ulikuwa na kosa ambalo pengine ni mtu wa Bukavu tu angelifanya.

“Kule kwetu, mutu wa taxe, kodi ya soko, anapita ku soko kila asubuhi,” anaeleza. “Unamulipa, anakupa jeton, kikaratasi kidogo. Choo ikijaa, unamushika na jeton yako mukononi: Papa, franga zetu ziko wapi? Hawezi kukimbia, kesho atarudi.”

Josée akatazama risiti za madukani London, akaona mstari wa kodi ya ongezeko la thamani, ile VAT, asilimia ishirini. Akaamini hiyo ndiyo jeton ya Waingereza: kodi inayolipwa Plover inakaa Plover, na halmashauri inaificha. Kwa wiki nne alisimama mlangoni pa choo akimwomba kila aliyeingia risiti zake. Watu walimdhihaki, wakampa. Zilijaza mfuko mzima uliokuwa wa unga wa muhogo, akaubeba kwa basi hadi ofisi za halmashauri na kuumwaga juu ya meza.

Aliyekuwa nyuma ya meza ile ni Lorraine, ofisa wa fedha, mama mtulivu ambaye angeweza kumwitia mlinzi. Badala yake alivuta kiti.

Lorraine alimpa habari mbili, zote chungu. Ya kwanza, nusu ya risiti zile hazikuwa na kodi hata peni, maana ndizi, samaki, mihogo na vyakula vingi vya kupika havitozwi VAT. Ya pili ilimmaliza nguvu kabisa. Kodi yote inayokatwa kwenye sabuni, balbu na simu hupelekwa hazina ya serikali kuu. Halmashauri haikatiwi fungu lake humo. Hutegemea kodi ya majumba, sehemu ya kodi ya majengo ya biashara, na ruzuku inayoamuliwa juu.

“Nilisikia aibu,” Josée anasema. “Mwezi muzima niko natukana batu ya kaunsili, kumbe nabo banalia njaa.”

Mtu mwingine angekunja mfuko wake na kwenda zake. Josée aliuliza swali moja: kuna nchi ambayo miji hugawiwa kodi hiyo? Lorraine akamjibu kwamba ipo, Ujerumani kwa mfano. Josée akamwomba amwandikie hilo jina kwenye karatasi, na amweleze namna ya kupata nafasi ya kusema mbele ya madiwani.

Nafasi ilipatikana Alhamisi iliyopita, saa moja jioni, siku ya madiwani kukipigia kura choo hicho. Mwananchi hupewa dakika tatu. Mansukh alifunga duka mapema na kumsindikiza, na njiani akamuuliza alichokuwa akikiogopa.

“Utasema juu yangu?”

“Hapana, Papa. Ile ni siri yako. Miye nitasema hesabu.”

Akasema hesabu. Kwa Kiingereza cha kazini aliwaeleza madiwani kuwa choo kinagharimu pauni 61,000 kwa mwaka, na kwamba VAT inayokusanywa na maduka manne tu ya soko hilo, kwa mujibu wa wenyewe, inazidi kiasi hicho. Aliwaomba wasifunge choo, na waitake serikali iache sehemu ya kodi hiyo mtaani inakotoka.

Madiwani wawili walikuwa wakitazama simu. Wa tatu alimshukuru kwa adabu nyingi, kisha akasema soko limezungukwa na mikahawa, na kila mkahawa una choo. Jibu Josée alikuwa nalo, tena zuri, ila halikuwa lake kulitoa.

Ndipo Mansukh alipoinuka kwenye viti vya wasikilizaji. Mwenyekiti alimwambia aketi, jina lake halimo kwenye orodha.

“Mimi nimetumia dakika mbili,” Josée akasema. “Iliyobaki ni yake.”

Mzee alishika kiti cha mbele yake. Alisema kwamba Januari choo kilifungwa wiki moja kwa matengenezo ya mabomba, naye akaenda huko mikahawani. Huruhusiwi kuingia chooni bila kununua kitu. Akanunua chai. Akainywa, maana kuiacha ni aibu, na baada ya nusu saa chai ile ikamrudisha pale pale kununua nyingine. Siku moja alikunywa vikombe saba.

Watu walicheka. Akawangoja wamalize.

“Siku ya nne sikuwahi,” alisema. “Nilirudi nyumbani kwa basi, nimejifunika koti la mteja. Mke wangu nilimwambia nilimwagikiwa na maji.”

Josée anasema aliona uchungu mpaka akataka kumvuta aketi, lakini mzee alikuwa bado na sekunde zake.

“Na kila kikombe nilikilipia kodi asilimia ishirini,” akamalizia. “Hata hiyo ninyi hamkuipata.”

Kwa kura mbili za ziada, madiwani waliahirisha kukifunga choo hadi mwisho wa Septemba, na wakaazimia kuiandikia serikali kudai fungu la VAT libaki mtaani; tangazo la mlangoni bado halijabanduliwa. Lorraine amemtahadharisha Josée kwamba barua za aina hiyo huwa zinajibiwa kwa lugha tamu na mikono mitupu.

Usiku ule Mansukh alimweleza mkewe kila kitu. Josée hakuambiwa kilichofuata, ila Jumatatu mama huyo alikuja sokoni, akamshika mkono kwa muda mrefu, akaenda zake. Tangu hapo wanaume watano wamemsimamisha Josée mlangoni, mmoja mmoja, wakimwambia kwa sauti ya chini kuwa na wao wana hali kama ya mzee.

Sasa ana mpango mwingine. Ombi la wananchi kwa serikali likifikisha saini elfu kumi, serikali hulijibu. La kwake lina saini 1,316, nyingi alizipata hapo mlangoni. Ijumaa ataonana na mbunge wa eneo, na Mansukh amesema atafunga duka kwa saa moja amsindikize.

Je, anaamini kweli serikali kuu itakubali kuachia pesa zake?

Kwa mara ya kwanza asubuhi nzima Josée anaketi, juu ya ndoo iliyopinduliwa.

“Itasema hapana,” anajibu. “Ya kwanza inasemaka hapana. Miye niliomba makaratasi ya kubakia hapa, balisema hapana. Nikaomba tena, hapana. Mara ya tatu, hapana. Mara ya ine, balichoka.”